Jeni Inayonusa Shombo

Samaki wa baharini akiwa hai hana shombo. Changu aliyetolewa wavuni sasa hivi pale Kunduchi Pwani ananukia maji ya chumvi na mwani, basi. Shombo huja baadaye, na kwa Dar es Salaam huja njiani: ndani ya ndoo zinazotoka mnadani Feri asubuhi kwenda Tandika, Mbagala, Kijichi na Chamazi, au kwenye matenga yanayoelekea Tegeta na Bunju, jua likipanda na barafu ikiyeyuka. Mama anayenunua vibua vya kukaanga hahitaji mashine ya kumwambia samaki ametoka majini lini. Anafunua matamvua kuangalia wekundu, anabonyeza nyama kwa kidole, kisha anamsogeza samaki puani. Sekunde mbili zinamtosha. Ama bei inashuka, ama anahamia meza ya pili.

Kinachomfanyia kazi katika sekunde hizo kina jina maabara: TAAR5. Jina hilo ni la jeni, na pia ni la protini ambayo jeni hiyo hutoa maelekezo ya kuitengeneza. Ukubwa wake ni wa kushangaza kwa udogo, lakini biashara nzima ya samaki, kuanzia mvuvi wa ngalawa hadi muuza pweza wa jioni, inaiogopa kila siku bila kuifahamu.

Tuanze na samaki mwenyewe. Nyama ya samaki wa bahari ina kemikali iitwayo trimethilamini oksaidi. Haina harufu. Humsaidia samaki kuhimili chumvi ya bahari, na wale wa kina kirefu wanayo nyingi zaidi kwa sababu inazikinga protini zao zisivurugwe na uzito wa maji yaliyo juu yao. Samaki akishakufa, bakteria huingia kazini. Kwa kukosa hewa ndani ya nyama, huing'oa oksijeni iliyomo katika kemikali hiyo na kuitumia. Kinachobaki ni trimethilamini, molekuli ndogo na nyepesi ambayo katika joto la Mbagala saa nane mchana haina sababu ya kutulia kwenye samaki. Inaruka. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika bilioni ya hewa.

Papa na taa wana mzigo wa ziada. Miili yao hubeba pia urea nyingi, ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia, na ndiyo sababu papa mkavu hutangaza kuwapo kwake nyumba tatu kabla hujafika.

Vitabu vingi vinafundisha kwamba samaki wa maji baridi hawana kemikali hiyo, au wanayo kidogo mno, kiasi kwamba kuipima ilionekana kuwa njia ya kutofautisha samaki wa bahari na wa ziwa. Kanuni hiyo ilitikisika mwaka 1990, na walioitikisa ni samaki wetu: watafiti walipima sangara na sato wa Ziwa Victoria wakakuta wanayo, tena si haba. Kwa hiyo anayebishana na mkwewe wa Mwanza kwamba shombo ni la watu wa pwani tu, ajue mkwe ana hoja.

Sasa pua. Mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walichapisha ugunduzi wa kundi kubwa la jeni za vipokezi vya harufu katika panya wa maabara. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2004. Kabla yao, hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika la jinsi pua inavyotofautisha karafuu na mafuta ya taa. Baadaye ilibainika kwamba binadamu ana jeni za aina hiyo zipatazo 400 zinazofanya kazi, pamoja na mabaki ya mamia mengine yaliyoharibika, maandishi yanayoonekana kwenye DNA lakini hayasomeki tena. Hakuna kundi la jeni kubwa kuliko hilo katika mwili wetu. Macho yanayoona rangi zote za kanga za Kariakoo yanatumia vipokezi vitatu tu vya rangi.

TAAR5 haimo katika ukoo huo mkubwa. Ni ya ukoo wa pili, mdogo, uliotambuliwa kuwa wa kunusa mwaka 2006 na Stephen Liberles akiwa na Buck yuleyule. Kazi ya ukoo huu ni kukamata amini, kemikali zenye naitrojeni ambazo hutoka kwenye mikojo, nyama inayooza na samaki. Binadamu amebakiwa na jeni sita tu hai za ukoo huo, zimepangana karibu karibu kwenye kromosomu ya 6, na mojawapo haijishughulishi na pua kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walipandikiza TAAR5 ya binadamu kwenye seli za maabara, wakazipitishia trimethilamini, na seli zikaitika.

Protini yenyewe ni mnyororo wa amino asidi 337. Mnyororo huo umejikunja na kupita mara saba kwenye utando wa seli ya neva iliyoko juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho. Katikati ya mikunjo hiyo kuna kishimo. Ndani ya kishimo kuna amino asidi yenye chaji hasi, na trimethilamini ikifika pale huwa na chaji chanya. Zinashikana. Protini inajipinda kidogo tu, lakini kujipinda huko kunaamsha protini nyingine upande wa ndani wa seli, inayoamsha kimeng'enya, kinachozalisha kemikali ya kupeleka ujumbe, inayofungua milango ya seli ili chembe zenye umeme ziingie. Neva inafyatuka, ubongo unapata habari, na mama wa Tandika anakunja pua. Yote haya hutokea kabla hajamaliza kusema, "Huyu wa jana."

Kuna jambo jingine katika mpangilio huu linalostahili kutazamwa. Kila seli ya neva puani ina jeni zote za kunusa, kwa sababu kila seli ya mwili ina nakala kamili ya DNA. Hata hivyo hutumia moja tu na kuzifunga nyingine zote. Iliyochagua TAAR5 itafanya kazi hiyo moja maisha yake yote, ambayo kwa seli hizi ni majuma au miezi kadhaa tu, kisha nyingine mpya huchukua nafasi yake na kuchagua upya.

Kipokezi hicho hicho hakiwaambii viumbe wote jambo moja. Mkojo wa panya dume wale wadogo wa nyumbani umejaa trimethilamini, na kwao harufu hiyo huvutia. Kwa panya wakubwa hufukuza, kama inavyotufukuza sisi. Liberles na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba panya wadogo walioondolewa jeni ya TAAR5 hawavutwi tena. Ubaya wa shombo, basi, haumo kwenye molekuli. Umo katika namna ubongo wa kila kiumbe ulivyofungwa kupokea ujumbe wa neva hizo chache.

Mtihani mkubwa wa jeni hii kwa binadamu ulifanyika Aisilandi, nchi ambayo kama Kilwa na Mafia imeishi kwa samaki. Watafiti wa kampuni ya deCODE waliwanusisha watu 11,326 harufu mbalimbali, miongoni mwake samaki, mdalasini, ndimu na peremende, wakawataka wataje wanachonusa, waseme ni kikali kiasi gani na kinapendeza au la. Kisha wakalinganisha majibu na DNA zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa harufu ya samaki, tofauti ilitua mahali pamoja: nafasi ya 95 kwenye mnyororo wa TAAR5, ambapo amino asidi iitwayo serini imebadilishwa na prolini. Wenye badiliko hilo waliona shombo ni jepesi na si baya sana. Wengine hawakulitambua kabisa. Walipoulizwa wananusa nini, walitaja viazi, karameli, tomato sosi, hata waridi.

Waridi! Mtu ananusishwa trimethilamini anajibu waridi, na hatanii.

Badiliko hilo ni la watu wachache hata Aisilandi kwenyewe, na kusini mwa Ulaya na Afrika ni la wachache zaidi. Kwa lugha ya sokoni, karibu kila mteja anayepita mbele ya meza ya samaki Temeke amebeba TAAR5 inayofanya kazi sawasawa, na muuzaji asitegemee huruma ya jeni. Kila samaki wa jana atajulikana.

Lakini muuzaji ana silaha, na silaha zake ni za kikemia kuliko anavyosifiwa. Ndimu ndiyo ya kwanza. Asidi ya ndimu huigeuza trimethilamini kuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani. Molekuli ipo palepale kwenye samaki lakini haifiki puani. Ukwaju hufanya vivyo hivyo, siki hali kadhalika. Ndiyo maana samaki husuguliwa ndimu na chumvi kabla ya kukaangwa, na mikono iliyopara samaki husuguliwa ganda la ndimu, si sabuni peke yake. Sabuni nyingi za kipande zina asili ya magadi, kinyume cha asidi, na magadi huiachia trimethilamini iruke. Anayenawa kwa sabuni tu na kulalamika kwamba shombo limezidi hajakosea.

Kambale ana kesi tofauti. Harufu yake ya tope inatokana na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni na wa madimbwi, ileile inayopanda kutoka ardhini mvua za kwanza zinapogusa vumbi la Chanika au Goba. Pua huinasa kwa sehemu chache katika trilioni, na haipiti kwa TAAR5 bali kwa vipokezi vingine. Hata hivyo ndimu husaidia hapo pia, kwa sababu nyingine kabisa: asidi huivunja jeosmini yenyewe. Wapishi wa pwani na wa bara walifika kwenye dawa moja kwa magonjwa mawili, na hakuna aliyewaambia kwamba ni mawili.

Wakati wa kukaanga mambo hubadilika tena. Mafuta ya moto huifukuza trimethilamini, na protini na sukari kidogo za nyama huungana kutoa harufu mpya nyingi ambazo hazikuwapo, zinazoamsha vipokezi vingine kabisa. Jioni, karai la samaki likichemka kando ya barabara Mbagala Rangi Tatu, kinachomsimamisha mpita njia ni kusanyiko hilo jipya. Samaki ni yuleyule wa asubuhi.

Na muuzaji mwenyewe? Kondakta wa daladala akigoma kupakia ndoo, mwenye ndoo hushangaa, kwa sababu yeye hasikii kitu. Watu husema amezoea, na ni kweli, ila mazoea hayo hayagusi jeni. Neva zikipigwa na molekuli ileile mfululizo hupunguza kuitika ndani ya dakika chache, na ubongo nao hupuuza habari isiyobadilika. Akikaa nyumbani siku mbili, pua yake hurudi. Ya mwenye badiliko la TAAR5 hairudi, kwa kuwa tangu mwanzo haikulinusa shombo vizuri. Wawili hao wanaweza kusimama nyuma ya meza moja wakionekana sawa kabisa kwa jirani yao.

Tofauti za namna hii ziko nyingi, na si zote zinahusu samaki. Kotimiri ya kwenye kachumbari kwa baadhi ya walaji ina ladha ya sabuni, na wachambuzi wa DNA mwaka 2012 walihusisha malalamiko hayo na eneo la kromosomu ya 11 lenye jeni iitwayo OR6A2, inayoonekana kunasa aldehaidi za majani hayo. Aldehaidi za familia hiyohiyo hutolewa na kunguni, jambo ambalo mpishi afadhali asilitaje mezani. Mwaka huohuo utafiti wa Toronto, Kanada, ulikuta vijana 14 kati ya kila 100 wenye asili ya Afrika hawaipendi kotimiri. Jeni hapa huchangia sehemu ndogo tu. Aliyekulia kwenye pilau na mishkaki yenye kotimiri mara nyingi huizoea.

Kwa kitimoto, jeni ina nguvu zaidi. Nyama ya nguruwe dume asiyehasiwa hubeba androstenoni, kemikali ambayo kwa wengine hunuka mkojo au jasho, kwa wengine hunukia vanila, na wengine hawaioni. Mwaka 2007, watafiti wakiwamo Andreas Keller, Leslie Vosshall na Hiroaki Matsunami waliigundua sababu: jeni ya OR7D4, yenye namna mbili kuu. Mwaka 2015 timu ya Kara Hoover ililinganisha jeni hiyo kwa watu wa mataifa mengi, ikakuta kwamba watu wa Afrika kwa kawaida wana namna inayonusa, wakati kaskazini mwa dunia namna isiyonusa ni ya kawaida zaidi. Mfugaji wa viunga vya Dar anayehasi madume yakiwa madogo anawalinda wateja ambao kwa sehemu kubwa wangeishtukia harufu hiyo.

Tanzania imo katika habari hii si kama mlaji tu. Mwaka 2012 jarida la Cell lilichapisha kazi iliyosoma DNA nzima ya watu 15: Wahadzabe watano wa eneo la Ziwa Eyasi, Wasandawe watano wa Dodoma, na watano wa jamii za Mbilikimo wa Kamerun. Kazi hiyo iliongozwa na Joseph Lachance na Sarah Tishkoff, na miongoni mwa watafiti alikuwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili. Kutoka kwa watu hao 15 peke yao zilipatikana tofauti milioni 13.4 za DNA, nyingi hazikuwahi kuandikwa popote. Watafiti walipotafuta sehemu zilizoonyesha dalili za watu kuzoeana na mazingira yao kwa vizazi vingi, walikuta jeni za kinga ya mwili, za uzazi, za kupona vidonda, na pamoja nazo jeni za kunusa na kuonja. Kwa watu wanaofuata asali, mizizi na nyayo za wanyama, hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kwamba hadi hapo ramani za jeni za kunusa zilikuwa zimechorwa zaidi kwa pua za Wazungu, wakati Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za DNA kuliko bara lolote.

Maumbo ya protini hizi nayo yamechelewa kuonekana. Ni tete, seli za maabara hukataa kuzijenga, na hata miaka 30 baada ya Buck na Axel hakukuwa na picha ya kipokezi hata kimoja cha harufu cha binadamu. Ya kwanza ilitoka mwaka 2023, ya kipokezi kiitwacho OR51E2 kikiwa kimekamata propioneti, kemikali inayonukia kama jibini. Aashish Manglik wa San Francisco na Matsunami walikuwa miongoni mwa walioipiga.

Kuna upande wa jambo hili usiozungumzwa kwenye baraza, na unastahili kuzungumzwa. Trimethilamini haitoki kwa samaki tu. Bakteria wa utumbo wa kila mtu huitengeneza kutokana na mayai, maini, maharage na soya. Ini huikamata na kuirudisha kuwa oksaidi isiyo na harufu, kwa kutumia kimeng'enya cha jeni nyingine, FMO3, iliyoko kromosomu ya 1. Aliyerithi nakala mbili zenye hitilafu, moja kwa baba na moja kwa mama, ini lake haliwezi kazi hiyo. Shombo hutoka kwenye jasho, pumzi na mkojo wake. Ugonjwa huo, trimethilaminuria, ulielezwa na madaktari mwaka 1970. Ni nadra, hauambukizi, na hauharibu kiungo chochote, ila hula maisha ya mtu kwa njia nyingine: kiti cha jirani kwenye daladala hubaki wazi, darasani huwekwa peke yake, kwa mwenye nyumba huambiwa haogi. Wengi wao huoga mara tatu kwa siku. Wengine hawajinusi wenyewe, kwa mazoea yaleyale ya muuza samaki, na hujua tu kwa nyuso za watu.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuung'oa, ila unapimika kwa mkojo, kwa kulinganisha trimethilamini na oksaidi yake. Madaktari huwashauri wagonjwa kupunguza samaki wa bahari, maini, viini vya mayai na jamii ya kunde, kwa uangalizi, maana mwili unahitaji kolini iliyomo humo, hasa kwa mama mjamzito. Wengine hupewa vitamini B2, ambayo huisaidia FMO3 iliyobakiwa na uwezo kidogo. Kwa ngozi, hushauriwa kuacha sabuni za magadi na kutumia zenye asidi kidogo, ya pH kati ya 5.5 na 6.5.